Makoti Tuliyoyakalia

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Sio Port ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha mapema, nikapakua magunia Malaba, nikauza mikeka Burumba, na kila nilipoambiwa kuna kitu sijakiona, nilikwenda kukiona. Ndivyo nilivyofika ziwani, nikapiga kasia katika mashua ya Mzee Wandera, Msamia mnene aliyevusha abiria.

Mashua ile ilikuwa na makoti ya kuelea, ya turubai, ndani yamejazwa sufi, ile pamba nyepesi ya msufi. Hakuna aliyeyavaa. Wavuvi wa pale waliamini kwamba ukivaa koti unaliambia ziwa unatarajia kuzama, na ziwa husikia. Basi tuliyatandika juu ya mbao tukayakalia. Yalikuwa mito mizuri, nisikufiche.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumvushe mke wa mzee, Mama Ajiambo, akamwone binti yake aliyeugua ng'ambo. Kabla hajafika, akatokea mama mmoja wa Kiteso, mwalimu wa watu wazima kutoka Chakol, amebeba karai kichwani. Alisema amekuja kutufundisha usalama wa majini. Wavuvi wakacheka.

"Mama, Chakol kuna mtama. Ziwa umeliona wapi?"

"Nimeliona leo," akajibu. "Leteni maji."

Karai likajaa. Akaweka mashua ndogo ya mti, ndani yake vidoli vya udongo vilivyovaa vikoti vya sufi. Akaipindua kwa kidole. Vidoli vilivyofungwa kamba vikaibuka, nyuso juu. Kimoja hakikufungwa. Kikoti chake kikaelea peke yake, kidoli chenyewe kikabaki chini. Nilichutama pale nikamwomba arudie, na aliporudia nikamwomba tena.

Kisha akachukua koti moja la mashua yetu, akalifungia jiwe, akalitia ziwani. Likaelea kidogo kama linalofikiri, likazama.

"Sufi ikikaliwa hupondeka, mzee. Ikipondeka, hainyanyui mtu."

"Koti hili limevuka ziwa miaka mingi," Wandera akasema.

"Limevuka likiwa kiti."

Mzee alikuwa mbishi. Akavaa lingine, tukamfunga kamba kiunoni, akaenda mpaka miguu ikakosa chini, akaacha kupiga maji. Tukabaki kuona vidole tu. Tukamvuta, akikohoa. Alipopata pumzi, mwalimu akamvisha koti jipya alilokuja nalo, akakaza kamba zote, akamrudisha pale pale.

Mwanangu, nimetembea sana, lakini sijaona tena kitu kama kile. Mzee yule mzito alisimama ndani ya maji, mikono kifuani, hapigi mguu, uso juu, kana kwamba ziwa limemshika kwapani.

Mama Ajiambo alikuwa amefika na kikapu chake, ameona yote.

"Baba Ajiambo, mimi ungenivusha na koti lipi?"

Mzee akatoka majini, akafungua kamba za koti. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Leo hatuvuki. Lakini mtoto anakungoja."

"Afadhali aningoje mpaka kesho," mama akasema, "kuliko aningoje siku zote."

Tulishinda tukifumua makoti, tukitia sufi mpya, mwalimu akilijaribu kila moja kwa jiwe. Kesho yake tulivuka, kila mtu amevaa, na mzee alimfunga mkewe kamba kwa mikono yake mwenyewe. Ajiambo tulimkuta hai, akanywa uji wa mama yake.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo nakuusia: kinga yako usiifanye kiti. Ivae, ifunge, na uijaribu ukiwa bado ufukweni, kwani katikati ya ziwa hakuna wa kukufundisha. Na anayekuja na karai kichwani usimcheke kabla hujaona lililomo.

Mungu akuvushe salama maji yote utakayoyakuta, na ng'ambo akukutanishe na wanaokungoja.