Seli Zilizokataa Kujiua

Mume wangu alikufa kwa saratani ya ini mwanzoni mwa miaka ya tisini, na asubuhi ya maziko wazee wa ukoo wakabishana kama alijiua.

Kosa lilikuwa langu. Waombolezaji hutaka kusikia ugonjwa ulianzaje na ukaishaje, ili asishukiwe mtu kwa uchawi. Nilisoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo nilirudia maneno ya daktari kijana wa Kisumu kama alivyoniambia kando ya kitanda. Nikasema mwili hutengeneza gesi iitwayo nitriki oksidi. Ikiwa nyingi, huziamuru seli zilizoharibika zijiue. Ikiwa kidogo, yaweza kuzilinda, hata zile za saratani.

Kaka mkubwa wa marehemu aliinua fimbo. "Umesema zijiue?"

"Ndiyo, Mzee."

Kwetu anayejiua huzikwa nje ya ua, na haliliwi. Vijana wawili waliokuwa wakingoja kuchimba kaburi wakabeba majembe yao, wakatoka langoni bila kuambiwa na mtu.

"Mzee, zake zilikataa," nikasema. "Ndiyo maana akafa."

"Alikufa kwa kukataa kufa?"

"Seli zake. Zilikataa kufa, zikaendelea kuzaana."

"Mama, tusaidie," akasema mzee mwingine. "Hiyo gesi ilitoka wapi? Jikoni kwako kule mjini, Kaloleni?"

"Sisi tulipikia makaa."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka wako matangani.

Shemeji hakucheka. "Unaweza kuapa kwamba hakuna hata seli moja ya ndugu yangu iliyojiua?"

Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini jeneza lilikuwa hapo, na mwenyewe hakupenda uongo.

"Siwezi kuapa. Daktari alisema zinajiua kila siku, ndani ya kila mtu. Hata ndani yako, Mzee. Zisipojiua ndipo mtu anaugua."

Akavitazama viganja vyake, akavigeuza. Wazee wengine nao wakajitazama. Mmoja akauliza polepole kama naye basi atazikwa nje ya ua.

Shemeji akawaita wale vijana. "Rudini. Chimbeni ndani, upande wa kulia wa nyumba yake."

Shimo walilolianza nje ya ua lilikuwa limeshawafika magotini. Ikabidi wafukie kwanza. Nami nikakaa chini nikalia, na hakuna aliyenikataza.