Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Jumamosi iliyopita, pale Newtown ninapouza vitabu vyangu vya watoto, mama mmoja alipita akinukia mafuta ya haradali nyweleni. Jamani, harufu ya Biji hiyo! Ndivyo tulivyomwita bibi mzaa mama, Mpunjabi wa Nakuru aliyetufuata Johannesburg na Kipunjabi chake, Kiswahili chake cha sokoni, na Kiingereza cha kuombea maji tu.

Biji alikuwa na mwiko mmoja: hadithi haisimuliwi mchana, msafiri atapotea njia. Na mjomba, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori la Durban. "Mjomba wako yuko barabarani, unataka asifike?" Nilie, ninune, wapi! Mpaka jua lizame.

Nilipokuwa na miaka minane, mwalimu wetu alitaka kila mtoto alete mzee wa kwao aje kusimulia hadithi darasani. Saa nne asubuhi! Biji alisitasita siku mbili. Siku ya tatu akapaka nywele mafuta, akajitanda mtandio mweupe, akaja.

Akaanza kwa Kipunjabi: shomoro na punje yake ya mchele, mikono ikiruka. Hata shomoro hajatua, mwalimu akapiga makofi kumkatiza, akamwita bibi kwa Kizulu.

"Eish, Gogo! Kwa Kiingereza, tafadhali. Hapa hakuna anayekuelewa."

Hakuna? Na mimi niliyekaa mbele yake? Biji akanitazama, akingoja nitafsiri. Darasa zima likanigeukia. Nikasema, kwa Kiingereza safi, "Hata mimi simwelewi."

"Asante, mwalimu," Biji akasema kwa Kiswahili, akaketi. Jioni alinisuka kama kawaida. Nilipomwomba amalizie ya shomoro, alisema amechoka. Alichoka hivyo hivyo mpaka alipofariki.

Hasira haijanitoka. Unamwalikaje mzee wa watu, kisha unamziba mdomo mbele ya mjukuu wake? Na hawa wanaofunua vitabu vyangu, Kipunjabi ukurasa huu, Kiswahili ule, wakaniuliza "Nani atasoma?", wananichoma vile vile. Atasoma mtoto wako, ukimwacha! Cha shomoro sijakichapa. Mwisho wake siujui, na wa kumuuliza hayupo.

Utotoni nilidhani Biji alivunja mwiko kwa kumwogopa mwalimu. Aliuvunja kwa ajili yangu, mwanawe akiwa barabarani. Mjomba alifika salama jioni ile, akala chapati nne. Aliyepotea njia ni mimi.