Kipande Alichokiruka Mjomba Simoni

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu. Imenirudia juzi nilipokuona barazani na simu yako, unatazama katuni za maharamia, na kila yanapofika mambo ya kulia unayaruka. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba hizo ni habari za zamani za mhusika, zinachelewesha mapigano. Sikubishana nawe. Kaa sasa unisikilize, sina haraka na wewe usiwe nayo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa vitu, wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda mpaka huku kwetu juu, na mwenye uwezo akaleta alichotaka. Mjomba wangu Simoni, kaka yake mama, alileta televisheni, deki na jenereta, akafungua banda la video karibu na soko la Newala. Unajua kwetu Wamakonde mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu tu. Yeye ndiye mwenye kauli juu yako. Basi nilipomaliza shule kule Chidya nikarudi nyumbani sina kazi, aliniita nisimame kando ya televisheni niwatafsirie watu. Mikanda mingine ilikuwa ya Kiingereza, mingine ya Kichina. Ile ya Kichina niliitafsiri kwa kuangalia nyuso, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mjomba alikuwa mtu mkavu. Hakupiga kelele wala hakutania. Kitu kimoja tu kilimtoa katika utulivu wake, nacho ni mtu kumwambia, "Nakuja sasa hivi." Mteja akitoka nje kidogo akasema maneno hayo, mjomba alimkatiza pale pale: sema unakwenda, usiseme unakuja. Sisi vijana tulimwiga tukacheka, mbali naye.

Mkanda uliopendwa kuliko yote ulikuwa katuni ya Kijapani ya maharamia, imetiwa sauti za Kiingereza, imenakiliwa tena na tena mpaka bahari yake imekuwa ya kijivu. Wengi mle bandani hawakuwa wameiona bahari. Waliujua mto Ruvuma, na wengine hata huo waliutazama kutoka ukingo wa mlima wetu tu, ukimeta kule chini bondeni. Lakini walizipenda zile meli. Aliyewavuta hasa ni mshika usukani mmoja, kijana mwembamba mwenye nywele zilizofungwa nyuma. Jina lake halikutamkika, wakamwita Mkia.

Mkia alikuwa hodari, ila alikuwa na jambo lililowaudhi watazamaji. Hakukubali meli ing'oe nanga kabla mtu wa mwisho hajapanda. Maadui wako nyuma, mizinga inalia, nahodha anamwamuru aondoke, yeye ameushika usukani hataki. Safari moja aliigeuza meli nzima ikarudi kwenye moto kwa sababu ya mpishi mlevi aliyesahaulika ufukweni, na hazina yote waliyokuwa wameipata ikazama. Banda zima lilizomea. Walimwita mjinga, wakaniuliza mimi mtafsiri kwa nini yuko hivyo, na mimi sikujua. Niliwajibu kwamba ndivyo alivyoandikwa.

Sababu ilikuwepo. Katikati ya mkanda kulikuwa na kipande ambacho mjomba alikipeleka mbele kila mara, kwa mkono wake mwenyewe. Alisema mkanda umekwaruzika hapo, utaharibu deki. Tulimwamini.

Jumamosi moja mjomba aliondoka alfajiri kwenda Masasi kutafuta kipuri cha jenereta, akaniachia banda. Mchana watu walijaa. Ilipofika sehemu ile, nami nikainama kupeleka mbele, fundi baiskeli mmoja aliyekuwa mteja wetu wa kila siku alisema niiache, kama imekwaruzika tuone mikwaruzo. Wengine wakamuunga mkono. Nikaiacha.

Haikuwa na mkwaruzo wowote. Ilikuwa safi kuliko sehemu nyingine zote, maana haikuwa ikichezwa.

Ilimwonyesha Mkia akiwa mtoto, na mdogo wake wa kike. Kisiwa chao kinaungua, wanakimbia kwa mashua ndogo pamoja na wazee, na mashua imeelemewa. Mkia anamshusha mdogo wake juu ya mwamba katikati ya maji, anamwambia amsubiri, anawavusha wazee kwanza. Anaporudi, maji yamejaa na mwamba hauonekani. Hawakuonyesha zaidi ya hapo. Walionyesha maji tu, na mashua inayozunguka pale pale, na jua linalohama.

Nilitafsiri kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Wale waliomzomea Mkia wiki nzima walikuwa wameshika tama, na yule fundi baiskeli alisema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe ndiyo maana anarudi."

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona mjomba Simoni mlangoni, ameshika pazia. Alikuwa amepata lori la kurudi mapema. Mkono wangu ulikwenda kwenye deki.

"Usizime," alisema.

Alipita katikati ya watu, akaja kukaa kwenye benchi la mbele karibu nami, kipuri chake bado kimefungwa kwenye gazeti. Aliangalia mpaka mashua ilipoacha kuzunguka. Kisha akaniinamia akaniuliza yule kijana alimwambia nini mdogo wake pale mwambani. Kiingereza hakukijua, siku zote alikuwa akiona picha tu.

"Alimwambia, kaa hapa usiondoke, nakuja sasa hivi."

Mjomba akatikisa kichwa. "Ndivyo nilivyosema mimi," akasema. Nadhani hakukusudia nisikie.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, alikuja nyumbani. Mama alikuwa uani anabangua korosho. Mjomba alikaa kwenye kigoda bila kusubiri chai, akaniambia nami nikae, kwa kuwa jambo hili lilikuwa langu pia. Ndipo nikasikia, katika umri wangu ule wa ndevu, kwamba nilikuwa na mjomba mwingine.

Nilijua kwamba wazee wetu walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita vya Mreno. Sikujua kuhusu Anjelo, mdogo wa mwisho wa mama na mjomba. Walifika Ruvuma wakiwa wengi, mtumbwi ulikuwa mmoja, na nyuma milio ya bunduki ilikuwa ikisogea. Mjomba Simoni ndiye aliyepiga kasia. Nafasi ilibaki ya mtu mmoja, na mama yangu, msichana wakati huo, alikuwa na homa hawezi kusimama. Akampandisha mama, akamwacha Anjelo kwenye matete, akamwambia yale maneno. Aliporudi hakumkuta. Aliita, akapekua matete yote, akavuka tena siku zilizofuata mpaka wenziwe walipomshika asiende. Hakuna mwili, hakuna habari. Na kwa kuwa hakukuwa na mwili, hawakuweka msiba, na kwa kuwa hawakuweka msiba, hawakupata siku ya kumtaja.

Mjomba alisimulia akiangalia chini. Akamaliza kwa kumwambia mama kwamba anajua amekuwa akimlaumu miaka yote, na kwamba ana haki.

Mama aliacha kubangua.

"Kaka, nafasi niliyokalia ilikuwa yake," alisema. "Kila nikikuona nilidhani unajuta kwamba ulinichukua mimi."

Mwanangu, ndugu hawa wawili waliishi mtaa mmoja, wakapeana mboga na chumvi, wakazika wazazi pamoja, na kila mmoja alikuwa akijificha kwa mwenzake kwa sababu ya jambo ambalo mwenzake hakuwa nalo moyoni. Mjomba hakulia. Aliuliza tu kama bado kuna chai.

Msumbiji wakati huo silaha zilikuwa zimenyamaza, na watu walianza kuvuka huku na huku. Baada ya mavuno mjomba alivuka, akauliza vijiji vya ng'ambo ya pili, akarudi mikono mitupu. Ndipo walipoweka msiba. Majirani walikuja, Wakristo kwa Waislamu, kutoka mtaani na hata Chilangala, wakakaa chini, wakaletewa maji, wakaambiwa jina la marehemu na jinsi alivyokuwa mcheshi. Wengine walishangaa msiba wa mtu aliyepotea zamani hivyo, lakini walikaa. Mama aliimba wimbo wa Kimakonde ambao sijausikia kwake kabla wala baada ya siku ile.

Banda liliendelea. Mjomba hakugeuka mtu wa vichekesho, usidhani. Ila kile kipande hakikurukwa tena, na watu walimtazama Mkia kwa namna nyingine. Ujasiri wake ulikuwa ule ule, upanga ule ule, lakini sasa kila alipokataa kung'oa nanga, banda lilitulia likamsubiri mtu wa mwisho pamoja naye.

Haya ndiyo ninayotaka uyachukue, mwanangu. Mtunzi anapomrudisha mhusika utotoni na kukuonyesha alichopoteza, hakucheleweshi safari. Anakuonyesha ni nini kinachomwongoza. Ukiliruka hilo utabaki na watu wanaokimbizana juu ya maji, na utachoka nao upesi. Na wewe ambaye naona umeanza kuchora na kutunga vya kwako, usimpe mhusika wako msiba kama mtu anavyotia pilipili. Mpe msiba ambao utaonekana katika namna anavyofunga mlango na anavyojibu salamu.

Kwa walio hai, nenda polepole zaidi. Si kila mkavu ana habari ya kusimulia, na mwenye nayo si lazima akusimulie wewe. Usimchokonoe. Na alichopoteza mtu hakimpi ruhusa ya kuumiza wengine. Mjomba mwenyewe angekwambia hivyo. Lakini siku atakayofungua kinywa, weka chini ulichoshika, usimmalizie maneno, usimwambie hayo yamepita. Na ukiwa wewe ndiye unayedhani unalaumiwa, uliza ungali na mtu wa kumuuliza.

Nenda sasa, mama yako anakuita chakula. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kustahimili ulichokiona. Akujalie ndugu wa kuzungumza nao, na nyumba yako isikose maji ya kumpa anayekuja kuketi nawe.