Mtoto Akinyonya Anafanyaje?

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, mwanangu, na jua la Hulugho lilikuwa limeshakuwa kali. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kukusanya takwimu za afya nyumba kwa nyumba, na sifa yangu ilikuwa kumaliza fomu upesi.

Nikamsalimu mama aliyempakata mtoto mchanga. Kwa pumzi ile ile nikauliza, "Mtoto ana afya?"

"Alhamdulillah."

Nikaandika: mzima. Nikafungua ukurasa mwingine.

Mama mkwe wake, Ayeeyo Habiba, yaani Bibi Habiba kwa Kisomali, alikuwa akisuka mkeka mlangoni. Akacheka. "Kijana, umekuja kuuliza au kusalimia?"

"Kuuliza, ayeeyo."

"Basi umeuliza kama mgeni, ukajibiwa kama mgeni. Mchungaji naye ukimuuliza hivyo, atakwambia ngamia wote wazima, hata yule aliyeshindwa kusimama. Muulize mama huyu, mtoto akinyonya anafanyaje."

Nikauliza, nimeinamisha uso.

"Ananyonya kidogo, anaacha, anahema," mama akasema. "Kichwa kinalowa jasho hata alfajiri. Akilia, midomo inakuwa buluu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza hayo?"

Gari letu la kazi liliwapeleka Garissa siku hiyo hiyo. Daktari alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, kisha akasema moyo una tundu. Mtoto alipasuliwa Nairobi, akapona. Leo ni msichana mkubwa, na ulimi wake ni wa bibi yake mtupu.

Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Nilirudi kwenye maboma niliyopitia kabla ya boma la Ayeeyo Habiba, ili niulize upya. Mvua ilikuwa imenyesha kwingine. Watu walishahama na mifugo yao. Nilikuta majivu na miiba ya zizi. Nilimweleza msimamizi wangu, akasema fomu zimeshatumwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wale mama hawakuficha kitu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Jana ulinionyesha jedwali kwenye kompyuta yako, ukafurahi kwamba watoto wa huku karibu wote wana mioyo mizima. Tangu hapo sijakaa nikatulia. Ndani ya jedwali hilo zimo Alhamdulillah zangu. Ukiandika kwamba ugonjwa haupo, nani atamleta daktari wa moyo hapa?

Usizitupe takwimu, zina kazi yake. Ila kabla ya kusoma jibu, tafuta swali lilivyoulizwa, kwa lugha gani, na nani. Andika waziwazi ambalo halikuulizwa. Kisha funga kompyuta, uende ukaulize mtoto akinyonya anafanyaje. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza juujuu ni ujinga uliovaa kitambulisho cha kazi.

Mungu akupe sikio lisiloshiba salamu, na miguu ya kuwafikia watoto wa leo kabla nao hawajahama. Amin.