Kifaru wa Mama Tiketi

Mama Tiketi aliuza tiketi za sinema katika kijichumba kilichopakana na ukumbi. Mumewe, Mzee Mkanda, aliendesha mtambo juu, ndani ya kibanda chenye joto la tanuri. Kila likizo walionyesha ileile filamu ya katuni isiyo na neno hata moja, wanyama wakicheza kwa muziki wa okestra.

Mama Tiketi hakuwahi kuiona. Alibaki na kasha lake la fedha, akiisikia kupitia ukuta, hadi akaijua kama kikohozi cha mumewe. Mzee Mkanda naye hakuwahi kuisikia. Mtambo ulinguruma kama mashine ya kusaga.

"Ile ni harusi," mke alizoea kusema mezani. "Fidla zinamleta bibi harusi, kisha mama yake analia."

"Harusi ya wapi? Ni kifaru anateleza kwenye barafu. Anaanguka kwa makalio."

"Kifaru wewe! Nani aanguke kwa makalio kwa sauti tamu vile?"

Sasa mtambo ulikuwa karibu kung'olewa, na alasiri hiyo filamu ilionyeshwa kwa mara ya mwisho. Mzee alitaka jambo moja tu: mkewe aione kazi yake, aseme ni nzuri.

"Leo funga dirisha, uingie."

"Nikikuta kifaru, narudi kwetu."

"Kwenu walishakusahau. Ingia."

Alikaa safu ya nyuma. Mzee akachungulia kwenye kitundu cha kibanda. Kifaru akatokea na kisketi chake, akateleza, akaanguka pwaa! Watoto wakacheka hadi viti vikalia. Mama Tiketi akafumba macho.

Ilimchoma mzee. Umri wake wote ulikuwa unang'aa pale ukutani, na mwenzake amefumba macho! Akafanya ambalo fundi hafanyi: akauacha mtambo ujiendeshe, akashuka, akaketi kando yake.

"Fumbua, mama. Mimi nimezeeka na kifaru huyu."

"Shh! Fumba na wewe. Bibi harusi anaingia."

Akafumba, apate tu hoja ya kumbishia. Lakini huku chini hapakuwa na ngurumo. Fidla zilikuja polepole, kama mtu anayeuendea mlango ambao hatarudi kuupita.

"Mama yake analia kweli," alinong'ona.

"Sikukwambia?" Mkewe sasa alikuwa amefumbua macho, anacheka huku machozi yakimtoka. "Na kifaru wako, maskini, kaanguka vibaya. Ila kisketi kimemkaa! Ni nzuri, baba. Nzuri sana."

Ghafla kimya, kisha miluzi. "Picha! Picha!" Ukuta ulikuwa mweupe.

"Mbona muziki umekatika?" mzee aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Mkanda wa kwanza umeisha. Fundi amekaa na mke wake."

Alikurupuka, akazivamia ngazi, akateleza, akaanguka kwa makalio. Nyuma yake alimsikia mkewe akiziimba kwa pua zile fidla.