Sakafu ya Kuku wa Bibi Nyangi

Mwanangu, ipo siku moja kule Susuni ambayo kila nikiikumbuka naona haya, pamoja na mvi zangu hizi. Nilikuwa kijana, nimemwoa Robi juzijuzi tu. Alikuja na kuku tisa aliopewa na mama yake, akaniomba niwajengee banda.

Mimi, kijana wa ng'ombe? Zizi nilikuwa nimelizungushia mawe, kila jiwe nimelichagua mwenyewe. Lakini kuku nilijiambia ni mambo ya wanawake. Nikachomeka miti, nikasiriba samadi juu ya udongo mtupu, nikaezeka. Kabla ya jua kutua nimemaliza, tena najisifu.

Bibi yangu Nyangi, mama yake baba, akapita. Akabonyeza sakafu kwa kidole cha mguu, ikabonyea.

"Mura," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita kijana, "hapa umemwandalia nguchiro chakula."

Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu halikukawia. Siku ya nne tulirudi kutoka shamba mchana, tukakuta shimo chini ya ukuta na manyoya kila mahali. Walibaki kuku wawili. Robi aliketi chini akalia, hakunitukana hata neno moja. Afadhali angenitukana!

Nikaenda kwa bibi, nikamwamkia shikamoo nikitazama chini. Hakunisimanga. Aliniingiza kwenye banda lake, akasema nipige sakafu kwa ngumi. Nikapiga. Ngumi iliniuma, sakafu haikuchubuka! Chini yake, akanieleza, kuna mtaro wa kina cha goti ulioshindiliwa mawe makubwa, madogo yakajaza nafasi. Juu yake udongo wa kichuguu, umelowekwa na kupondwa siku tatu, ukainuliwa ili maji ya mvua yapite pembeni.

"Niliitengeneza kwa magoti yangu, baba yako hajazaliwa," akasema. "Kuku waliolala hapa tuliwabadilisha kwa mbuzi, mbuzi kwa mtamba. Ng'ombe uliomwolea Robi, ulidhani wametoka wapi?"

Mwanangu, hebu fikiria. Zizi zima nililojivunia lilianzia pale, kwenye sakafu ya kuku! Niliitazama mikono ya yule bibi kizee.

Tulijenga upya, mimi na Robi, kwa kufuata maneno yake. Nguchiro alirudi, akakwaruza mawe weee, akaenda zake.

Basi sikia. Siku hizi mna saruji na mabati, lakini ardhi ni ileile. Usikimbilie paa. Chimba msingi, shindilia mawe, inua sakafu, uipe mteremko kidogo ili usafi uwe rahisi. Na kitu anachokuomba mkeo usikifanye nusunusu kwa kukiona kidogo. Kidogo hicho ndicho kinachowabeba.

Mungu akupe magoti yasiyochoka. Jogoo asikose kuwika nyumbani kwako, na wajukuu zako wasimame juu ya ulichoshindilia wewe.