Kaye Yangu ya Muheto

Mwezi uliopita dereva wa lori aliyetoka upande wa Masisi alisimama mbele ya kibanda changu hapa Hombo, akanikabidhi bahasha iliyofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na barua na kitabu chembamba kilichopigwa chapa Goma, chenye picha ya mzee aliyevaa tai. Nilimtambua kabla sijasoma jina. Nilifurahi, na usidhani ni furaha ya heri. Mtu huyu nilimsubiri tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Kazi yangu unaijua. Nauza sabuni, chumvi na betri, na kando nina rafu ya vitabu vya kuazimisha. Kila Jumapili baada ya misa narekodi sauti ya dakika tano kwenye simu, nawaambia watu nimesoma nini, kinamfaa nani, na kipi wasijisumbue nacho. Nilianza na walimu wachache wa hapa Walikale, sasa wananisikiliza mpaka Bukavu na Goma. Nikisifu kitabu, kinatafutwa. Nikinyamaza, kinalala. Mzee aliyajua hayo, maana barua yake ilisema: "Mwanangu, nasikia bantu banakusikiliza sana. Sema kaneno kazuri juu ya buku yangu. Bila weye haitatembea." Mwanangu! Alithubutu kuniita hivyo.

Ngoja nikupeleke Muheto. Shule yetu ya msingi ilikuwa juu ya kilima, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata tukawa tunasikia kengele bila kuliona darasa. Mwalimu wa darasa la sita, ndiye mzee huyu wa picha, alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu kama thelathini, vilivyotoka parokiani. Aliwaazima wavulana tu, akiandika majina yao katika daftari kubwa. Sisi wasichana alitunyima. "Mutoto wa kike umupe buku, kesho utaikuta imefunga beignet ku soko," alisema, na wavulana wakacheka. Kweli akina mama sokoni walifunga maandazi na jibini kwa karatasi za vitabu, ila waliowapelekea karatasi hizo walikuwa wavulana haohao.

Lakini mvua ya Masisi haina mchezo. Vitabu vilishika kuvu, na kila Jumamosi yenye jua mwalimu alituita wasichana kuvianika, kama alivyotuita kumchotea maji na kumpalilia maharagwe. Tulitandika mikeka uani, tukavipanga, na amri ilikuwa kugeuza ukurasa mmoja mmoja ili jua liingie vizuri. Mmoja mmoja! Hakuwaza hata kidogo kwamba anayegeuza ukurasa ana macho. Nilivisoma vyote hivyo, nimepiga magoti, jua likinichoma mgongo na harufu ya kuvu imejaa puani. Nikisikia kikohozi chake nageuza haraka haraka na kujifanya mjinga.

Baada ya hapo tulienda shambani kwake. Kwetu wasichana kulikuwa na desturi: anayesimulia hashiki jembe, wenzake wanampalilia mstari wake mpaka amalize. Basi nilisimulia. Nilisimulia mpaka maharagwe yakaisha, na wenzangu wakaanza kuniuliza kuhusu Jumamosi ijayo, "Dada, Posho inayokuya mi nianike gani?" Kila mmoja alitaka kile kitakachomfaa. Walikuwa wengi na vitabu vingi, nikaona bora niandike. Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alibadilisha vipande viwili vya jibini akanipatia kaye, daftari dogo la kurasa thelathini na mbili.

Humo niliandika kila kitabu na maoni yangu. *Hiki kinamfaa aliyefiwa, maana mtu ndani yake analia mpaka anachoka, kisha anakula. Hiki usikisome ukiwa na njaa. Hiki kinaanza vibaya, vumilia mpaka wafike mtoni.* Jioni, viazi vikichemka na moshi ukitutoa machozi, nilimsomea bibi. Alipenda sana maneno ya njaa, akaniomba niyarudie huku akimenya viazi kwa vidole, akipuliza.

Jumamosi moja mvua ilitukimbiza, tukavikusanya vitabu mbiombio, na kaye yangu ikabaki katikati yao. Mwalimu aliiona. Akaichukua, akaondoka nayo. Majuma mawili baadaye alikuja inspekta wa shule, na mwalimu akasimama mbele ya darasa, akasoma maneno yangu kutoka kaye yangu, akasema ni miongozo aliyowaandikia wanafunzi. Inspekta alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Nilisimama.

"Mwalimu, ile kaye ni yangu."

Hakufoka. Alifungua daftari kubwa, akaligeuza upande wangu. "Nionyeshe jina yako humu. Hukuazima hata buku moja. Uliisoma wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Niliwatazama wenzangu. Walikuwa wamekodoa macho, wananisihi bila neno, kwa sababu ningetaja mikeka tu, hakuna msichana ambaye angegusa kitabu tena pale Muheto. Nilikaa. Inspekta akaniamuru niombe msamaha, nikaomba. Mwaka uliofuata mwalimu akawa direkta, mkuu wa shule. Bibi hakunihubiria mambo ya kusamehe. Alinipangusa kamasi akasema, "Usilie. Umukumbuke." Nilimtii.

Basi kitabu chake nilikisoma kwa siku moja, wateja wakinisubiri. Kurasa arobaini za kwanza anajisifu, na usingizi ulinipata mara mbili. Ukurasa wa arobaini na moja kinaanza kipande kiitwacho "Maoni yangu ya vitabu". Aliyefiwa, yumo. Njaa, imo. Kaye yangu nzima, neno kwa neno, chini ya jina lake. Halafu nikafika mahali nilipoandika zamani: *Walipofika mtoni nilicheka mpaka nikamwaga maji niliyochota, na wasichana wenzangu wakanicheka mimi.* Alinakili hata hiyo. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka mama wa jirani akaja kuuliza kama nimepata habari njema.

Jumapili nilirekodi. Niliwasomea watu sentensi ile, kisha nikauliza, "Mwalimu, weye ulikuwa musichana mwaka gani?" Sikuongeza sana. Kufikia Jumatatu sauti ile ilikuwa imezunguka Masisi yote.

Alinipigia simu, sauti imemkauka. "Mwanangu, umeniua. Bantu banacheka ku kanisa. Futa ile vocal."

"Niletee kaye yangu, nitafuta."

"Haiko. Kisha kuimprimer nilichoma, juu bantu basiione."

Aliichoma kitabu kilipokwisha kuchapwa. Nilikaa juu ya gunia la chumvi. Nilitaka kitabu chake kife, rafiki yangu, kioze kwenye maboksi, kiliwe na panya. Lakini shule ya Muheto haipo. Vita vimepita pale mara nyingi, mabati yamebebwa, na sanduku la vitabu sijui liliishia wapi. Wenzangu wa shambani wametawanyika, wengine kambini Goma, wengine Uganda, wawili sijui kama wako hai. Kaburi la bibi liko kwenye kilima ambacho siku hizi sithubutu kupanda. Maneno aliyoniomba niyarudie yamebaki sehemu moja tu duniani, na ni ndani ya kitabu cha mwizi.

Sauti sikuifuta. Nimemwagiza yule dereva aniletee nakala zote atakazopata. Zikifika nachukua bic, kalamu yangu ya wino, nakata jina lake pale jaladani, kwa nguvu mpaka karatasi inachanika kidogo. Naandika langu, na chini yake majina ya wasichana, kila mmoja ninayemkumbuka. Kisha naziazimisha, na kila anayeichukua namwambia aanzie ukurasa wa arobaini na moja. Jana nimemaliza ya kumi na tisa. Sijamsamehe, na mkono bado haujachoka.